Je, Waayalandi ni uzao wa Nuhu, na je, walifichwa Biblia?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ndogondogo. Masista walionifundisha sekondari walitoka Ayalandi, na kila tarehe 17 Machi walitusimulia habari za Mtakatifu Patrick, ndiyo maana nchi ile naipenda ingawa sijafika. Mwezi uliopita tulipata mgeni wa semina. Alisema mambo matatu. Kwanza, Waayalandi ni wa ukoo wa Nuhu, na Sanduku la Agano limezikwa kwao katika kilima cha Tara. Pili, mwaka 2006 Mungu alifukua kitabu matopeni kikiwa kimefunguka kwenye Zaburi 83, kuwa onyo la vita. Tatu, Kanisa liliwaficha Waayalandi Biblia kwa miaka elfu moja mpaka Waprotestanti walipowaletea. Sasa wapo wanaowasema vibaya masista wetu, eti walitufundisha dini bila Kitabu. Lipi ni kweli? Na nikitaka kuionyesha jumuiya kitu kimoja tu, nionyeshe nini?"

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona ndani yake maswali ya historia na pia uchungu. Maswali nitayajibu. Uchungu wako naufahamu: waliokufundisha kushika rozari na kufungua Injili wanaambiwa walitoka kwa watu wasiokijua Kitabu. Mgeni wenu hakutunga mambo hewani. Kila alilosema lina chanzo cha kweli, na hapo ndipo palipo na ugumu, maana mtu mwenye punje ya ukweli mkononi husadikiwa na gunia zima.

Tuanze na Zaburi, kwa sababu hilo linamalizwa kwa kufungua kurasa mbili. Tarehe 20 Julai 2006, dereva wa katapila alikuwa akichimba udongo mweusi wa kinamasi mahali paitwapo Faddan More, katika jimbo la Tipperary. Akaona kitu kama kitabu. Yeye na wenye shamba walifanya jambo la busara sana: walikifunika tena kwa udongo uleule wenye maji, kisha wakawaita watu wa Makumbusho ya Taifa ya Ayalandi. Kilikuwa kitabu cha Zaburi kwa Kilatini, kilichoandikwa juu ya ngozi ya ndama karibu mwaka 800. Kinamasi cha kule hakina hewa ya kutosha ya kuozesha, na maji yake yana ukali wa asidi, ndiyo maana jalada la ngozi lilidumu miaka 1,200. Kurasa zenyewe ziliumia zaidi. Kuna mahali ambapo wino uliihifadhi ngozi iliyo chini yake, ngozi ya pembeni ikayeyuka, zikabaki herufi peke yake. Ndani ya jalada wahifadhi walikuta bitana ya mafunjo, mmea wa kuandikia wa Misri. Mimi jambo hilo hunigusa kila nikilisoma, kwamba kitabu cha watawa wa kisiwa cha mwisho wa magharibi kilishikana na kitu kutoka bonde la Nili.

Ukurasa uliosomeka una maneno ya Kilatini in valle lacrimarum, yaani katika bonde la machozi. Hayo yamo katika Zaburi ya 83. Julai ile kulikuwa na vita kati ya Israeli na Hezbollah huko Lebanoni, watu wakakimbilia Biblia zao, wakafungua Zaburi 83, wakakuta mataifa yanakula njama ya kuifuta Israeli. Hofu ikaenea. Lakini Biblia ya Kilatini huhesabu Zaburi kwa mpango wa Kigiriki, ambao huziunganisha Zaburi 9 na 10 kuwa moja. Kuanzia hapo hadi karibu na mwisho wa kitabu, namba za Kilatini ziko nyuma ya zetu kwa moja. Kwa hiyo 83 yao ni 84 yetu katika Biblia ya Union. Ifungue. Utakuta shomoro aliyepata nyumba, mbayuwayu aliyejipatia kioto, na wasafiri wanaopita katika bonde la Vilio wakiligeuza kuwa chemchemi. Ni wimbo wa mahujaji. Makumbusho yenyewe yalilazimika kutoa ufafanuzi huo, ila ufafanuzi haukwenda mbali kama uvumi.

Sasa Nuhu. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe ni tamu na linaeleza mengi.

Ayalandi haikuwahi kutawaliwa na Warumi. Ukristo uliingia kabla haijawa na miji wala vitabu. Tunajua kwamba mwaka 431 Papa Selestini alimtuma askofu aitwaye Palladius kwa Waayalandi waliokwisha kumwamini Kristo, na katika karne hiyohiyo alikuja Patrick, aliyetekwa Uingereza akiwa na miaka kama 16, akauzwa utumwani Ayalandi na kuchunga mifugo kwa miaka sita. Pamoja na imani vikaja kusoma, Kilatini na Biblia, vyote kwa mpigo mmoja. Wasomi wa Kiayalandi walikuwa tayari na mashairi yao, nasaba za wafalme wao na hadithi za mashujaa wao. Kisha wakafungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 10, penye orodha ya mataifa yote yaliyotoka kwa Shemu, Hamu na Yafethi. Wakajitafuta. Hawakujiona.

Fikiria ungekuwa wewe. Kitabu unachokiamini kuwa kina historia ya dunia nzima hakiwataji watu wako. Njia mbili zilikuwa wazi: kuyatupa masimulizi ya babu zako, au kutafuta uzi wa kuyashonea kwenye Kitabu. Waayalandi walichagua uzi, na walishona kwa karne nyingi kwa ustadi mkubwa. Walikuwa na majedwali ya miaka yaliyotungwa na Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa, na kutafsiriwa kwa Kilatini na Yeronimo, yanayopanga wafalme wa Ashuru, Misri, Uyahudi na Rumi bega kwa bega. Wakaongeza safu yao.

Matunda ya kazi hiyo yalikusanywa katika karne ya 11 kwenye Lebor Gabála Érenn, yaani Kitabu cha Kuitwaa Ayalandi. Humo ndimo alimo mjukuu wa Nuhu ambaye bila shaka mgeni wenu alimtaja. Anaitwa Cessair. Alifika na wanawake 50 na wanaume 3 siku 40 kabla ya gharika, wakafa wote isipokuwa Fintan, aliyeishi maelfu ya miaka akageuka samaki na ndege ili pawepo shahidi wa kusimulia. Angalia lakini: kwa masimulizi hayohayo, Cessair hakuacha uzao. Waayalandi wanaletwa baadaye kabisa, kupitia Fénius Farsaid, mtaalamu aliyekwenda kwenye mnara wa Babeli, na mwanawe aliyemwoa Scota, binti Farao. Mtoto wao Goídel aliumwa na nyoka, Musa akamponya, ikatabiriwa kwamba nchi ya uzao wake haitakuwa na nyoka. Na kweli Ayalandi haina nyoka wa porini. Kitabu kingine cha zamani cha sarufi kinadai kwamba Kiayalandi kiliundwa baada ya Babeli kwa kuchagua yaliyo bora katika lugha 72.

Unaona walichofanya? Waliupandisha utu wa lugha yao. Kilatini, Kigiriki na Kiebrania zilihesabiwa kuwa lugha takatifu, nao wakasema yetu imechujwa kutoka kwa zote. Huo ni ushahidi madhubuti wa jinsi watu walivyoyapokea Maandiko. Ushahidi wa damu haumo. Hakuna mfupa, jiwe wala hati ya Mashariki ya Kati inayomjua Scota. Msomi wa karne ya 11 aliyeandika haya hakuwa mwongo, alikuwa akifanya historia kwa vifaa alivyokuwa navyo. Sisi ndio tunaokosea tukikisoma kama cheti cha kuzaliwa.

Sanduku la Agano ni habari ya juzi tu ukilinganisha. Kati ya mwaka 1899 na 1902, kikundi cha watu walioamini kwamba Waingereza ni makabila ya Israeli yaliyopotea kilipanda kilima cha Tara, makao ya kale ya wafalme wa Ayalandi, kikachimba kutafuta Sanduku hilo. Imani yao ilijengwa juu ya masimulizi yaleyale ya binti za wafalme wa Mashariki, wakamwongeza na nabii Yeremia. Waliharibu vibaya mojawapo ya maboma ya kale ya udongo yaliyopo pale. Wasomi na waandishi wa Ayalandi walikasirika, na mwaka 1902 Douglas Hyde, George Moore na W. B. Yeats walitia sahihi barua ya kulaani uchimbaji huo katika gazeti la The Times la London. Sanduku halikuonekana. Kwa hiyo mgeni wenu akisema limezikwa Tara, muulize kwa upole kama anajua kwamba walishachimba.

Nimefika kwenye lile linalokuuma zaidi. Biblia ilifichwa?

Kwa miaka elfu moja ya kwanza, hapana. Ni vigumu kukuta taifa la Ulaya lililokikumbatia Kitabu kwa nguvu kama wao. Mwaka 1914 katika kinamasi cha Springmount, jimbo la Antrim, vilipatikana vibao sita vya mti vilivyopakwa nta, vimechorwa maneno ya Zaburi 30 hadi 32 kwa Kilatini. Ni vya karibu mwaka 600. Mwanafunzi alijifunzia kusoma na kuandika kwa Zaburi, kama watoto wa pwani yetu walivyoanzia herufi chuoni kwa juzuu. Watawa waliziita Zaburi "hamsini tatu", na walizishika kichwani zote 150. Mojawapo ya hati za zamani kabisa zilizobaki Ayalandi, iitwayo Cathach, ni Zaburi vilevile, na iko katika Chuo cha Kifalme cha Ayalandi mjini Dublin. Cathach maana yake ni mpiganaji: ukoo wa O'Donnell uliibeba na kuizungusha mara tatu mbele ya jeshi kabla ya vita. Hilo nalo ni pokeo la Maandiko, ingawa mimi, nikisema kweli, hunitia huzuni.

Kisha kuna Kitabu cha Kells, cha karibu mwaka 800, chenye Injili nne na kurasa 680, ambacho picha zake huenda masista waliwaonyesha. Watu hukistaajabia kwa rangi. Mimi nakipenda pia kwa makosa yake, maana yanamwonyesha mtu akiwa kazini. Pale Mathayo 10:34 Yesu anaposema hakuja kuleta amani bali upanga, mnakili aliandika gaudium badala ya gladium, hivyo inasomeka kwamba alikuja kuleta furaha. Mkono wake ulichoka, au moyo wake ulikataa upanga, hatutajua.

Na hawakuishia kunakili. Katika karne ya 8 msomi mmoja alikaa na nyaraka za Paulo kwa Kilatini akajaza katikati ya mistari na pambizoni maelezo kwa Kiayalandi: neno hili maana yake hivi, hapa Paulo anawajibu watu fulani. Hati hiyo iko Würzburg, Ujerumani. Nyingine ya namna hiyo, juu ya Zaburi, iko Milano. Leo wataalamu wa lugha wanakijua Kiayalandi cha kale kwa sehemu kubwa kutokana na pambizo hizo. Yaani lugha yenyewe imehifadhiwa ubavuni mwa Maandiko. Mwishoni mwa karne ya 10 ukatungwa utenzi uitwao Saltair na Rann, mashairi 150 kwa kufuata idadi ya Zaburi, unaosimulia kuanzia uumbaji hadi ufufuko kwa lugha ya nyumbani. Humo Adamu anatubu akisimama katika maji ya Yordani na Hawa katika Tigri, habari isiyokuwemo katika Biblia. Waayalandi walivitunza vitabu vya pembeni vya aina hiyo kwa wingi, hata vile ambavyo makanisa mengine yaliviacha vipotee.

Hapo sasa niwe mkweli upande wa pili, maana ukweli wa nusu ndio uliotufikisha hapa. Mkulima wa kawaida wa wakati ule hakuwa na Biblia nyumbani. Kitabu kimoja kilimeza ngozi za kundi zima la ndama, na kilikuwa kwa Kilatini. Alikipata kwa masikio katika mahubiri, na kwa macho katika mawe yaliyochongwa. Hali ilikuwa hivyo karibu Ulaya yote. Na baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa karne ya 16, Kanisa Katoliki lilikuwa zito kuwapa walei Biblia kwa lugha zao bila maelezo. Mwaka 1824 Papa Leo XII aliandika wazi kuzipinga jumuiya za kusambaza Biblia. Askofu mkuu John MacHale wa Tuam alitafsiri vitabu vya mwanzo, Mwanzo hadi Yoshua, vikachapishwa mwaka 1861, lakini Biblia nzima ya Kikatoliki kwa Kiayalandi ilitoka mwaka 1981. Ni kuchelewa kukubwa. Mkatoliki anayependa historia asikwepe hilo.

Je, Waprotestanti walileta? Ndiyo, na kazi yao istahili heshima. Agano Jipya kwa Kiayalandi lilichapishwa Dublin mwaka 1602, chini ya Uilliam Ó Domhnaill. Agano la Kale lilisimamiwa na William Bedell, Mwingereza aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa Kilmore, aliyejifunza lugha akiwa mtu mzima na kufanya kazi na wasomi wenyeji. Alifariki mwaka 1642 katikati ya maasi, na inasimuliwa kwamba waasi wa Kikatoliki walipiga risasi za heshima juu ya kaburi lake wakimwita Mwingereza wa mwisho. Tafsiri yake ilikaa zaidi ya miaka 40 hadi mwanasayansi Robert Boyle alipotoa fedha, ikachapishwa London mwaka 1685.

Basi kwa nini watu hawakuipokea kwa mikono miwili? Kwa sababu ya mkono ulioileta. Kanisa lililotoa Biblia hiyo lilikuwa kanisa la dola iliyokuwa ikichukua ardhi yao na, baadaye, kuwawekea Wakatoliki sheria za kuwanyima urithi, shule na kura. Tena wasemaji wengi wa Kiayalandi hawakujua kukisoma. Karne ya 19 ikaongeza kidonda. Wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, iliyoua watu wapatao milioni moja, baadhi ya wamisionari walitoa supu ya msaada pamoja na mafundisho yao. Wengi walilisha bila masharti, na wapo makasisi wa Kianglikana waliokufa kwa homa wakihudumia wenye njaa. Lakini waliofunga chakula na dini pamoja ndio waliokumbukwa, na hadi leo "kunywa supu" kwa Waayalandi ni kuuza imani kwa tumbo. Mtu aliyekulia katika kumbukumbu hiyo akiona Biblia mlangoni haulizi kwanza imeandikwa nini, anauliza nani ameituma. Masista wako walitoka katika nyumba za namna hiyo. Kama walikuwa waangalifu na usomaji wa peke yako, sababu mojawapo ni hiyo.

Ufanye nini na jumuiya? Usimwite mgeni wa semina mwongo mbele ya watu, utapoteza hoja na ndugu. Suala la Zaburi lionyeshe kwa kurasa, kila mtu na Biblia yake mkononi. Masuala ya Nuhu na ya kufichwa yanahitaji muda, na barua haitoshi. Muombe paroko awaletee mwalimu wa Maandiko kutoka seminari iliyo karibu, mkae naye jioni mbili, naye aruhusu maswali. Na ikiwa mgeni huyo anauza vitu, anataka michango kwa ajili ya ufunuo wake, au anawatenga watu na familia zao, usingoje jioni hizo mbili. Nenda kwa paroko wiki hii, uende na mjumbe mwingine wa jumuiya.

Kitu kimoja cha kuonyesha? Kitabu cha Kells kinapatikana bure kwenye tovuti ya maktaba ya Trinity College Dublin, lakini kinataka Kilatini. Mimi ningechukua picha ya msalaba wa Muiredach ulioko Monasterboice, jimbo la Louth. Ni wa mwanzo wa karne ya 10, wa jiwe, una zaidi ya mita tano kwenda juu. Usiwaeleze kitu. Wape picha, waache wataje wenyewe: Adamu na Hawa chini ya mti, Kaini akimpiga Habili, Daudi na Goliathi, Musa akitoa maji mwambani, mamajusi, na katikati ya msalaba, siku ya hukumu. Wazee wasiojua kusoma watawatangulia vijana. Wakimaliza, waonyeshe sehemu ya chini upande wa magharibi, palipo na paka wawili na mstari wa Kiayalandi unaomwombea sala Muiredach, aliyesababisha msalaba ule utengenezwe.